Siti Iliyoshuka Vidole Viwili

Kuna sauti moja ambayo nikiisikia sikai. Ni ya bomba la siti ya baiskeli linaloshuka polepole huku mtu yuko juu: krii, kimya, halafu krii tena. Jumamosi iliyopita niliisikia Kibamba. Tulikuwa watu sita, sie tunaoendeshaga kila wikiendi kunyoosha migongo baada ya kukaa ofisini wiki nzima, tumeegesha pembeni ya barabara ya Morogoro tunakunywa madafu. Dada mmoja mgeni akapanda baiskeli yake ya mtumba aliyoinunua juzijuzi, siti ikalia. Nikavumilia. Ikalia tena. Nikafungua begi langu nikatoa spana, na mwenzangu mmoja akaniambia, "Siwema, maliza dafu lako, baiskeli siyo yako." Dafu nilimwachia yeye.

Ndivyo nilivyo, mtanisamehe. Siwezi kumwona mtu mzima amekaa kwenye siti ya chini, magoti yanataka kumpiga kidevuni, nikanyamaza. Siti iliyoinua pua inaniuma mie nisiyeikalia. Vishikio vya breki vimeelekea mbinguni, cheni kavu inaamsha mtaa, waya wa breki unaning'inia kama uzi wa nguo iliyofumuka, tairi ukilibonyeza linabonyea: yote hayo hunikera, na watu husema nina gubu. Kweli ninalo. Lakini siti ndiyo mama yao.

Gubu hili nimelirithi kwa baba yangu, na kabla sijawasimulia uzuri wake bora niseme ubaya wake, msije mkasema niliwaficha. Kwa ajili ya siti iliyoshuka vidole viwili, nikiwa na miaka kumi na moja, nilikaribia kumuua mtu. Simaanishi kumgonga. Namaanisha watu waliokota mawe.

Tuliishi Ukonga, si mbali na ukuta wa gereza, kwenye vyumba viwili vya kupanga na kibaraza. Baba alitoka Masasi akiwa kijana, patasi zake ndani ya kiroba, akapata kazi ya kuchonga nakshi kwenye karakana ya samani kule Gongo la Mboto. Vitanda, milango, makabati, maua yote yaliyokuwa juu yake yalipita mikononi mwake. Kila siku alikwenda na kurudi kwa baiskeli, ile nyeusi nzito yenye keria pana, na aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Mama alikuwa akisema, "Huyu siku akitangulia, eda tutakaa wawili, mie na baiskeli."

Jumapili jioni Baba alikaa kibarazani na kikombe cha chai ya rangi, akawahukumu wapita njia. "Yule anakanyaga kwa magoti," atasema. "Huyu kaning'inia kama nguo kwenye kamba. Yule pale, mwangalie, kainama kama anatafuta sindano." Mie nimekaa mkekani namcheka kila aliyetajwa. Hakuna raha kama kuwacheka watu wazima ukiwa umekaa ubavuni kwa baba yako.

Kwake yeye siti ilikuwa na sheria. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini, goti linyooke bila kujivuta. Hapo ndipo pako, si juu si chini. Alipokipata kipimo chake alichukua rangi ya kucha ya Mama, nyekundu, akazungushia mstari kwenye bomba la siti ili hata fundi akilifungua alirudishe palepale. Jioni akirudi, kazi yangu ilikuwa kuifuta baiskeli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kuikagua. Nikikuta spoku imelegea au nati inacheza namwambia, naye hunijibu, "Wewe una macho, Siwema." Nimesifiwa mengi ukubwani, shule na kazini, lakini hakuna sifa iliyonivimbisha kichwa kama ile.

Sasa kwenye mahakama ile ya Jumapili mshitakiwa mkuu alikuwa Zuberi wa mikate. Zuberi alikuwa kijana mfupi, mpole, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alfajiri alichukua mikate kwenye tanuri akaisambaza madukani na majumbani, ndani ya kreti kubwa aliyoifunga moja kwa moja nyuma ya baiskeli yake. Kufika saa moja kasoro alikuwa ameshamaliza, na mkate wa mwisho ulikuwa wetu, anaugongea dirishani mara mbili. Lakini baiskeli yake, jamani. Fremu ilikuwa kubwa kumzidi, kwa hiyo alishusha siti mpaka mwisho, akaikaza kwa mpira wa tyubu isiyumbe, akaendesha magoti yametanuka huku na huku.

"Zuberi," Baba atamwita, "hiyo siti au mbuzi ya kukunia nazi?"

"Kaka, mradi inafika," Zuberi hujibu akicheka, na jibu hilo lilimuudhi Baba kuliko kosa lenyewe.

Nilipokuwa darasa la tano, wiki chache baada ya Idi, nilikuta siti ya Baba imeshuka. Vidole viwili chini ya mstari. Nilimwambia, naye akasema nati imelegea. Nikaikaza kwa nguvu zangu zote, mpaka mkono ukaniuma. Kesho yake jioni nikakuta siti iko juu ya mstari kwa kidole kimoja. Hapo nikasimama na kitambaa mkononi nikaduwaa. Nati ikilegea siti inashuka. Haijawahi kupanda hata siku moja. Siku ya tatu iko sawa na mstari, lakini pua inatazama kando, kama mtu aliyenuna. Nikaenda kwa Baba mbio. Baba huyuhuyu, aliyewahi kugombana na fundi kwa sababu ya kengele iliyopinda, akaniambia, "Achana nayo, mama."

Niachane nayo? Nilikosa raha kabisa. Darasani nilichora siti nyuma ya daftari la hisabati, na mwalimu akanichapa kwa ajili hiyo. Chakula hakipiti. Nikilala najigeuza, dada yangu ananipiga teke nitulie. Kuna mtu alikuwa anaishika baiskeli ya baba yangu, anaifungua, anaikalia, halafu anairudisha kienyeji bila hata kuangalia mstari, na baba yangu hasemi. Nilimwonea Baba hasira. Niliona amekuwa mvivu. Asubuhi hakupandia tena mlangoni kwetu. Aliikokota mpaka kwenye kona, akisema ananyoosha miguu. Jumapili hakukaa kibarazani, jua linamkera. Mahakama ikafungwa bila taarifa.

Hali hiyo ilikwenda kama wiki tatu. Siku moja walimu walikuwa na kikao, tukaachiwa saa tano asubuhi. Nilikuwa nakaribia mashine ya kusaga unga nilipoiona baiskeli ya Baba inakuja. Niliijua kabla sijamwona aliye juu yake. Siti ilikuwa chini kabisa, mstari mwekundu umemezwa ndani ya fremu, na magoti mawili yametanuka kushoto na kulia. Zuberi. Peke yake, saa tano, Baba yuko kazini.

Hasira ya wiki tatu ikanipanda kwa mara moja. "Mwizi!" nikapiga kelele. "Mwizi wa baiskeli ya baba!"

Nyie mnaoishi Dar mnajua neno lile linavyofanya kazi. Halisubiri maelezo. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha pale walikuwa wamejilaza juu ya pikipiki zao. Sijui waliamka saa ngapi. Mmoja kashika usukani, mwingine kola, Zuberi akawa chini, kiatu kimoja kule. Watu ambao sijawahi kuwaona wakatoka kwenye vichochoro. Nikamwona mtu anaokota tofali, mtu wa kawaida tu, kavaa kanzu safi. Hapo nikataka kusema basi, lakini kelele zao zilikuwa zimeshanizidi.

"Nimepewa," Zuberi alisema. "Nimepewa na mwenyewe."

"Na mwenyewe kaenda kazini na nini? Na mbawa?"

Akanyamaza. Wakampiga kofi, akanyamaza vilevile, na ukimya wake ukawa ushahidi.

Aliyemwokoa ni Mama Tunu, mwenye mashine ya kusaga. Alitoka ndani mweupe wa unga mpaka kwenye kope, akajiweka katikati na mwili wake wote. "Huyu ananiletea mkate mwaka wa nne," alisema. "Mwenye baiskeli si yuko hai? Aulizwe. Akisema kaibiwa, mfanye yenu." Wakanigeukia mie. Niliijua namba ya Baba kwa kichwa. Ikapigwa, imezimwa, kama kawaida yake ya kutunza chaji. Basi twendeni kazini kwake. Tukapanda bodaboda tatu: Zuberi kabanwa katikati mshikaki, mie na Mama Tunu kwenye ya pili, na ya tatu imebeba baiskeli. Njia nzima Mama Tunu alinishika kiuno na hakunisemesha. Nilijipa moyo kwamba nikifika Baba atasema nina macho.

Karakana ilikuwa banda refu la mabati lenye mlango mmoja mpana. Tuliingia jua likiwa mgongoni kwetu. Mafundi wakazima mashine. Baba alikuwa mwisho wa banda, amekaa mbele ya kichwa cha kitanda cha mninga, patasi mkononi, kidole gumba cha kushoto kikitembea juu ya ua alilokuwa analichonga. Tajiri wake, mzee mmoja mwenye penseli sikioni, alikuja kusimama karibu naye kuona kuna nini. Kijana wa bodaboda akamsukuma Zuberi mbele mpaka hatua tatu kutoka alipokaa Baba. Mdomo wa Zuberi ulikuwa umevimba, shati halina vifungo.

"Mzee, shikamoo. Unamfahamu huyu?"

Baba aliinua uso. Akatazama upande ilikotoka sauti. Akatazama mlangoni kwenye mwanga, akarudi. Tajiri anasubiri, mafundi wanasubiri.

"Simfahamu," Baba akasema.

Nyuma yangu mtu akasema, "Si mmesikia?" na mikono ikamrudia Zuberi. Zuberi angeweza kusema. Maneno matatu tu, ni mimi kaka, na Baba angeijua sauti ile hata usingizini. Alimtazama Baba, akamtazama tajiri, kisha akainua mikono akajifunika kichwa.

Mie nilimjua baba yangu. Alikuwa na gubu, alikuwa na kiburi, uongo hakuwa nao. Amkane mtu anayetugongea dirisha kila asubuhi? Ndipo nikayafuata macho yake nione yanatazama nini, nikakuta yametua begani kwa kijana wa bodaboda, yametulia pale, yanangoja. 

"Baba, ni Zuberi," nikasema. "Zuberi wa mikate. Yuko mbele yako."

Patasi ikamdondoka. Alikuja mikono ikiwa imetangulia, akagonga kitanda kwa goti, akapapasa hewani mpaka akalipata bega la Zuberi na kulishika. "Mwacheni," alisema. "Mwacheni, jamani, baiskeli nimempa mie. Ananileta na kunirudisha. Mie sioni."  Akageuka alikodhani yuko tajiri wake, akakosea kidogo, akaliambia kabati: "Sioni, tajiri. Huu mwezi wa tatu."

Vijana wa bodaboda waliondoka mmojammoja, bila kuagana. Aliyekuwa amempiga kofi aliiegemeza baiskeli ukutani kwa adabu, akaitengeneza mara mbili isianguke.

Jioni ile nyumbani Mama ndiye aliyemtoa Zuberi maneno, maana Baba alikaa kitandani amegeukia ukuta. Wiki tatu nyuma Zuberi alimkuta Baba kwenye mtaro wa maji machafu, yeye na baiskeli yake, amekosa njia kweupe. Akamtoa, akamwosha chumbani kwake. Baba akamsihi asimwambie mtu, kwani nani atampa kazi ya nakshi mtu asiyeona mti? Baiskeli ya Zuberi ilikuwa na kreti, haina pa kumweka mtu, kwa hiyo wakatumia ya Baba. Asubuhi Baba anaikokota mpaka kwenye kona, Zuberi anashusha siti, Baba anakaa kwenye keria. Mchana Zuberi anaificha chumbani kwake; siku ile alikuwa ameitoa kwenda kuijaza upepo tu. Jioni wakikaribia mtaa Baba anashuka, anaifungua nati mwenyewe, anaipandisha siti kwa kupapasa, akitafuta mstari asiouona, halafu anaikokota mpaka nyumbani. Mama alisikiliza yote hayo, kisha akaenda jikoni akalia peke yake.

Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Jicho la kushoto lilikwenda. La kulia walilisalimisha kiasi cha kutambua watu kwa mwendo wao. Tajiri hakumfukuza. Alimhamishia kwenye msasa, akamlaumu sana, akasema angejua mapema angempeleka kwa daktari yeye mwenyewe. Nikifikiria hilo nakuwa na hasira na marehemu baba yangu, hasira ya kweli, na baadaye namwombea dua.

Lakini hasira kubwa ni juu yangu mwenyewe. Nilikuwa na macho, sivyo? Niliona kidole kimoja cha tofauti kwenye bomba la chuma. Sikuona kwamba baba yangu hagusi kikombe mpaka aguse kwanza ukingo wa meza. Sikuona kwamba Mama amemchambulia samaki miba mwezi mzima, akidhani ni meno. Nikiingia ndani Baba aliniita jina langu kwa sauti ya kuuliza, na mie nikaitika kila mara bila kujiuliza mtu anamwulizaje mwanawe kama ndiye.

Zuberi bado yuko Ukonga, ana kibanda chake cha mikate na maandazi. Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa mtoto, nimesukumwa na Mama, na nilikwenda tena mwenyewe nilipomaliza chuo, kwa sababu kuna swali lilikuwa halinipi usingizi. Nilimuuliza kwa nini pale karakana hakusema.

"Mbele ya tajiri wake?" alinijibu, akipanga maandazi kwenye kabati la kioo. "Nimwambie ni mimi, watu wote si watajua kwamba kashindwa kuniona? Ile ilikuwa yake kusema."

"Na asingesema?"

"Wangenipiga," alisema. Akafunga kabati, akanifungia maandazi manne ambayo sikuagiza.

Mwaka juzi, Sinza, saa kumi jioni, kijana mmoja aliniparamia kwa nyuma akaichomoa simu mkononi mwangu akakimbia. Bodaboda zilikuwa pale, nyingi, na vijana juu yake. Neno lilinipanda mpaka kwenye meno. Nilimwona mgongo, shati la bluu, soli za raba zinarusha vumbi, na ningemfikisha chini kwa pumzi moja tu. Nilisimama pale nimejishika mdomo kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kutapika, mpaka akakata kona.